Ukistaafu utabiri, chunga kipimamvua kimoja

Msomaji wa Ahero, karibu na Kisumu, aliyestaafu mwaka huu baada ya miaka mingi ya utabiri ameniuliza ajitolee vipi katika chama cha wataalamu wa hali ya hewa. Anafikiria kuzunguka shuleni akitoa mihadhara. Mzee wangu, chagua shule moja, simika kipimamvua kimoja, ukichunge miaka kumi. Mhadhara hauachi takwimu.

Anza na mahali. Kama kuna mwembe wa mita 6, kaa mbali nao mita 12 au zaidi. Mdomo uwe sentimita 30 kutoka ardhini, ulale sawa kwa pima maji, na pembeni pawe na nyasi fupi. Juu ya saruji matone hugonga na kurukia ndani.

Kosa linaloharibu rekodi nyingi ni kukosea silinda ya kupimia, ile yenye alama za milimita za mvua. Kipimamvua chenye mdomo wa kipenyo cha inchi 5, yaani milimita 127, hukusanya mililita 12.7 kwa kila milimita moja ya mvua. Cha sentimita 20 hukusanya mililita 31.4. Silinda ya kile kidogo ikivunjika na ya kile kikubwa ikatumika badala yake, mvua ya milimita 10 itasomeka 4, na hakuna atakayeshtuka kwa sababu tarakimu inaonekana ya kawaida. Kwa hiyo pima mililita 127 za maji kwa silinda ya maabara, kisha uyapime tena kwa silinda ya kipimamvua chenye mdomo wa inchi 5. Isiposoma 10, irudishe.

Soma saa tatu asubuhi kila siku, jicho likiwa usawa wa maji, ukifuata sehemu ya chini ya mpindo wa uso wa maji. Pande za Kisumu mvua nyingi hushuka jioni na usiku, hivyo chupa ya ndani inayokusanya maji inaweza kufurika. Maji yaliyomwagikia kwenye mkebe wa nje nayo yapimwe na kujumlishwa. Ukiwa upande wa Kericho au Nandi, mvua ya mawe huziba faneli ya mdomoni. Ongeza maji vuguvugu uliyokwisha kuyapima, yayeyushe mawe hayo, halafu utoe kiasi ulichoongeza.

Siku isiyo na mvua andika 0.0. Siku ambayo hakuna aliyesoma, weka kistari. Inauma sana kukuta sifuri kwenye siku ambayo kijiji kizima kilivuka maji kwa miguu. Zikipita siku tatu bila kusomwa, andika jumla na uzifunge kwa mabano hizo tarehe tatu. Usiigawanye kwa tatu.

Sasa Aprili. Ndio mwezi ambao masika yamekolea, na ndio mwezi ambao shule zimefungwa. Klabu ya wanafunzi peke yake itakupa daftari lenye pengo palepale penye mvua kubwa, mwaka baada ya mwaka, na wastani wa tabianchi hudai miaka 30. Kabla ya kusimika chochote, kubaliana na mlinzi wa shule au jirani anayeishi karibu na ua. Mfundishe wiki mbili nzima, asome yeye nawe ukiangalia, na umpe kalamu ya risasi, kwa kuwa wino huyeyuka ukilowa.

Kila mwisho wa mwezi nakili kurasa na ukae na nakala nyumbani. Tambarare za Kano, mto Nyando ukivunja kingo, maji huingia hadi ofisini, na daftari la rafu ya chini ndilo huenda kwanza.