Wasomaji Wauliza: Kuunganisha Utafutaji Uliopita Katika Katalogi ya Maktaba

SWALI: Assalaam alaykum wahariri. Naandika utafiti kuhusu ukataji wa mikoko ya Lamu kwa ajili ya boriti. Kila nikiandika maneno yote pamoja kwenye katalogi ya chuo, napata sifuri. Mkutubi aliniambia niunganishe yale niliyokwisha kuyatafuta. Huunganishwa vipi?
Mwanafunzi, Langoni, Lamu

JIBU: Waalaykum salaam. Mkutubi amekuelekeza vyema. Katalogi nyingi hudai kila neno uliloandika lionekane kwenye rekodi ya kitabu, na rekodi yenyewe ni fupi mno: jina, mwandishi, mwaka, mada mbili tatu. Likikosekana neno moja tu, kitabu kinaachwa. Kwa hiyo tafuta wazo mojamoja, kila moja na majina yake yote, kisha uyaunganishe mwishoni.

Anza na mti: mangrove* OR mikoko OR Rhizophora OR Ceriops. OR maana yake "au", na nyota husimama badala ya herufi zozote zinazofuata. Rhizophora ni jina la kisayansi la mkoko wenyewe, na Ceriops ni la mkandaa. Wako wataalamu wasioandika kingine ila hayo. Bofya, tazama idadi ya matokeo, kisha futa kisanduku uandike mahali: Lamu OR Lamoo OR Pate OR Kiunga. Usiiache Lamoo, maana Waingereza wa karne ya 19 waliandika hivyo. Mwisho matumizi: boriti OR pole OR poles OR timber. Hapo usitie nyota kwenye pole, kwani itakuzolea hata polemic.

Sasa fungua historia ya utafutaji, ambayo mara nyingi imewekwa ndani ya ukurasa wa utafutaji wa kina. Utaona kila utafutaji una namba yake, #1, #2, #3 (kwingine ni S1, S2, S3), na idadi ya matokeo kando. Andika kwenye kisanduku: #1 AND #2 AND #3. AND maana yake "na": kitabu sharti kiwemo katika mistari yote mitatu. AND na OR ziandike kwa herufi kubwa, maana baadhi ya programu huzichukulia kama maneno ya kawaida zikiwa ndogo.

Kabla ya kuunganisha, kagua idadi. Mstari wenye sifuri ukiunganishwa kwa AND unaua yote, na mara nyingi sababu ni herufi iliyokosewa au kichujio cha mwaka au lugha ulichosahau kukiondoa. Mstari wa mahali nao utakuwa mkubwa kupita kiasi, kwa sababu Pate inafanana na pâté, chakula cha maini cha Wafaransa. Usihangaike nao. Vitabu vya mapishi havina mikoko, vitaanguka vyenyewe ukiunganisha na #1.

Matokeo yakiwa machache, iache #3 na ujaribu #1 AND #2. Faida ya namba ndiyo hiyo: unapanua na kubana bila kuandika upya. Ukipata kitabu kimoja kizuri, soma mada zilizoandikwa kwenye rekodi yake, uzitafute kama mstari mpya.

SWALI: Natafuta habari za Malindi na Wareno. #1 ni Malindi OR Melinde, #2 ni Portuguese, #3 ni Gama. Nikiandika #1 AND #2 OR #3 napata vitabu vingi vya India. Halafu nimeweka NOT Zanzibar ili kuuondoa mtaa wa Malindi wa Unguja, nikapoteza hata vitabu nilivyovijua.
Mwalimu, Malindi

JIBU: Mwalimu, ulichoiambia programu ni hiki: nipe vya Malindi na Wareno, na juu yake kila chenye Gama. Vasco da Gama alifika Malindi 1498, lakini vitabu vingi vinavyomtaja vinahusu safari yake ya India. Zungushia mabano #2 OR #3, kisha mbele yake weka #1 AND. Mabano ni ya lazima, kwa sababu programu hazifuati utaratibu mmoja: nyingine huanza na AND, nyingine husoma kutoka kushoto kwenda kulia.

NOT tunashauri iwe ya mwisho kabisa. Inatupa kila kitabu kinachotaja Zanzibar, hata chenye sura nzima kuhusu Malindi yako. Kuunganisha na mstari wa Wareno kutapunguza takataka bila kutupa kila kinachotaja Zanzibar.

SWALI: Nilirudi kesho yake, namba zote zimepotea. Je, naweza kuziunganisha na za PubMed, ile hifadhidata ya makala za tiba mtandaoni?
Muuguzi, Lamu

JIBU: Hapana. Namba ni za chombo kimoja tu. #2 ya katalogi haijulikani PubMed, hivyo andika maneno upya huko. Historia nayo haidumu. PubMed huifuta baada ya saa 8 bila kutumika, na vyombo vingine huifuta ukifunga tu ukurasa. Fungua akaunti uhifadhi utafutaji wako, au nakili mistari yote kwenye daftari pamoja na tarehe na idadi ya matokeo. Ukitumia kompyuta ya saiba, toka kwenye akaunti kabla hujainuka, ama anayekufuata ataiona historia yako yote.