Maswali ya Wenye Magari: Dashibodi Inasema 12.6, Risiti Inasema 11.2

Tangu nigusie mafuta kwenye safu iliyopita, simu yangu imejaa picha za dashibodi. Nyingine zina ukungu, nyingine za usiku, na moja imepigwa gari likiwa kwenye 90 barabara ya Musoma. Aliyeituma anajijua, na siku nyingine mikono yote miwili iwe kwenye usukani. Karibu nyote mnauliza lile lile: namba ya wastani wa mafuta ni ya kweli? Nimechukua machache.

Shikamoo kaka. IST yangu dashibodi inaonyesha 13 kwa lita. Nikipiga hesabu ya hela ninayoweka sheli haifiki hata 10. Nani mwongo? (Msomaji, Nyegezi)

Marahaba. Mwongo wa kwanza ni wewe, samahani. "Hela ninayoweka" si kipimo. Leo unaweka ya elfu kumi, keshokutwa ya elfu ishirini, mshale hukumbuki ulikuwa wapi, na EWURA, wale wasimamizi wa bei ya mafuta, hutangaza bei mpya kila Jumatano ya kwanza ya mwezi. Ukigawa kilomita kwa shilingi unapima bei, hupimi gari. Nimelisema hili mpaka midomo imekauka: gari hunywa lita.

Pima hivi. Jaza tenki mpaka pampu ijikate yenyewe, uishie hapo. Usimwambie kijana aongezee kidogo "ikae sawa". Hayo ya kuongezea huingia kwenye mfumo wa mvuke wa tenki, na kopo lake la mkaa likilowa petroli utakuja kuniuliza kwa nini gari linasumbua kuwaka. Rudisha trip A, kile kihesabu kilomita cha safari kwenye dashibodi, kwenye sifuri. Endesha kama kawaida yako mpaka tenki lipungue zaidi ya nusu. Rudi sheli ile ile, pampu ile ile, jaza mpaka ijikate. Kilomita za trip zigawe kwa lita za kwenye risiti. Rudia mara tatu, maana pampu haijikati pale pale kila siku, na lita moja ya kuzidi au kupungua inaharibu hesabu ya tenki dogo.

Nami nilifanya hivyo mwezi uliopita na kagari kangu. Siku za kazi Buhongwa mpaka mjini na kurudi, Jumapili nikaenda Magu kuwasalimu wazee. Trip ilisoma 412, pampu ikaingiza lita 36.8. Sikuwa na karatasi, nikaandika kiganjani, kijana wa pampu akacheka: "Mzee, unafungua duka?" 412 kugawa kwa 36.8 ni 11.2. Dashibodi muda huo huo ilikuwa inang'aa 12.6, haina hata aibu.

Ukiona tofauti hiyo ni ndogo, itembeze kilomita 1,000. Kwa namba ya dashibodi utahitaji lita 79. Kwa ukweli utahitaji 89. Tuseme lita ni shilingi 3,000 ili hesabu iwe nyepesi: hiyo ni elfu thelathini ambayo hukuipangia bajeti.

Kwa nini inatokea? Kwa sababu dashibodi haijawahi kuyaona mafuta yako. Kwenye magari yetu haya hakuna mita inayopima petroli inayopita kwenye bomba. Kompyuta inajua tu nozeli, vile vitundu vinavyopuliza petroli kwenye injini, zilifunguka kwa muda gani, inazidisha muda huo na kiasi ambacho nozeli mpya hutoa, kisha inalinganisha na kilomita kutoka sensa ya mwendo. Ni makadirio, na ni makadirio ya nozeli ya kiwandani, si ya kwako iliyotembea laki mbili.

Hapa ndipo penye utamu. Nozeli ikichakaa ikawa inamwaga zaidi ya kawaida, sensa ya oksijeni kwenye ekzosi huiambia kompyuta kwamba mafuta yamezidi. Kompyuta inapunguza muda wa kufungua. Dashibodi, ambayo kazi yake ni kuhesabu muda, inaona muda umepungua na kukupa namba nzuri zaidi! Gari linakunywa vile vile, wewe unapiga picha na kumtumia shemeji. Nozeli ikiziba, mambo yanageuka: namba inakuwa mbaya kuliko ukweli.

Kwa hiyo usikimbilie gereji. Pima matenki matatu. Ukikuta pengo ni lile lile kila mara, hiyo ni tabia ya gari lako, izoee. Mimi langu nazidisha namba ya dashibodi kwa 0.89 na maisha yanaendelea. Pengo likiwa linapanuka mwezi hadi mwezi, hapo mwone fundi.

Nina Noah inapiga Mwanza–Sengerema, mafuta nanunua mimi. Dereva ananionyesha dashibodi 10.8, lakini nikijumlisha risiti anazoleta nakuta gari inatembea 7 kwa lita. Anasema dashibodi za Kijapani zinadanganya, na wewe uliandika hivyo hivyo. (Tajiri, Igoma)

Niliandika, ndiyo, na dereva wako ni msomaji mzuri. Lakini dashibodi hukosea kwa asilimia tano, kumi, kumi na tano ikizidi sana. Kutoka 7 kwenda 10.8 ni zaidi ya nusu ya ile 7. Uongo wa ukubwa huo hautoki kwenye dashibodi.

Kumbuka inachohesabu: kilichopita kwenye nozeli tu. Kilichovuja kwenye bomba kabla ya kufika hakioni. Kilichonyonywa kwa mpira usiku hakioni. Na kile ambacho hakikuingia kwenye tenki bali kiliingia kwenye risiti, hicho ndiyo kabisa. Asikuambie pia ni kwa sababu ya kuunguruma stendi akisubiri abiria na AC imewashwa. Kuunguruma kunapita kwenye nozeli, na dashibodi inauhesabu muungurumo huo bila kukosa.

Hata hivyo, kabla hujamwita mwizi mbele ya wapiga debe, chukua gari siku mbili uendeshe mwenyewe njia ile ile na abiria wale wale, upime kama nilivyosema juu. Ukipata 9 au 10, una jambo la kuzungumza naye, na risiti utakuwa nazo: risiti ya EFD, ile mashine ya kodi, ina lita, tarehe na saa, na risiti ya Usagara ya saa tatu asubuhi siku ambayo gari lilikuwa Sengerema haihitaji wakili. Ukipata 7 na wewe pia, mwombe radhi, halafu ingia chini ya gari unuse.

Tena ninyi matajiri mnaobadilisha deiwaka, madereva wa kibarua cha siku, kila wiki, sijui mnategemea nani atajali gari linakunywa kiasi gani. Hilo hukuniuliza, najua.

Gari yangu imetoka Uingereza, inaonyesha 40. IST ya jirani inaonyesha 14. Nimepata bahati? (Msomaji, Kirumba)

Hukupata. Hiyo 40 ni maili kwa galoni. Galoni ya Uingereza ni lita 4.546, maili ni kilomita 1.609, kwa hiyo 40 yako ni kilomita 14 na kitu kwa lita. Ingekuwa galoni ya Marekani, ambayo ni lita 3.785, ingekuwa 17. Na yule wa Pasiansi aliyeandika kwamba gari lake la Kijerumani ni bovu kwa sababu linaonyesha 7.1: hizo ni lita kwa kilomita 100, ambayo nayo ni 14. Wote watatu mko sawa, acheni kuringiana.

Muuzaji aliniambia Aqua inatembea 35 kwa lita. Napata 21. Nimeibiwa? (Msomaji, Ilemela)

Ulisomewa karatasi ya maabara. Aqua ilipotoka Desemba 2011 ilikuwa na namba mbili za Kijapani: 35.4 kwa kipimo kipya cha JC08, na 40.0 kwa kipimo cha zamani cha 10-15. Gari moja, siku moja, namba mbili, kwa sababu zilipimwa kwa mtindo tofauti. Kile cha 10-15 kasi yake ya juu ilikuwa 70, wastani wake kama 23, gari liko juu ya rola ndani ya jengo na AC imezimwa. Hakuna Buzuruga saa kumi na moja jioni, hakuna bajaji anayekata mbele yako bila indiketa. Na hata karatasi hupikwa: mwaka 2016 Mitsubishi ilikiri kwamba vipimo vya mafuta vya magari yake madogo, zaidi ya laki sita, vilichezewa.

21 kwa gari la mseto, la petroli na umeme, lililotumika miaka kumi na zaidi si mbaya, mradi uipate kwa lita na si kwa macho. Ila nikuonye, maana nimeyaona haya soko la Kirumba: betri kubwa ya Aqua iko chini ya kiti cha nyuma, na kuna tundu la hewa pembeni ya kiti hicho la kuipooza. Mnapakia magunia ya dagaa juu ya kiti, tundu linazibwa, feni inajaa vumbi na magamba. Betri ikipata joto miezi sita mfululizo, namba ya dashibodi haitakuwa tena shida yako kubwa.

Nikishuka mlima wa Bugando naweka nyutro ili gari lisile mafuta. Rafiki yangu anazima swichi kabisa. Nani anaokoa zaidi? (Msomaji, jina nimelificha kwa usalama wake)

Hakuna. Gari la nozeli likiwa kwenye gia, mguu umetoka kwenye mafuta na linashuka, kompyuta hukata mafuta kabisa. Magurudumu ndiyo yanayozungusha injini. Ndiyo maana ile namba ya papo kwa papo inaruka mpaka mwisho. Ukiweka nyutro injini inabaki bila wa kuizungusha, lazima ile mafuta ili isizime. Unatumia zaidi, na unashuka mlima wa hospitali kwa breki peke yake huku watu wakivuka na wagonjwa wao.

Huyo anayezima swichi mwambie nimesema aache leo. Injini ikizima, usukani unakuwa mzito na breki inabaki na nguvu ya kukanyaga mara mbili tatu tu.

Ilikuwa imeandika nimebakiwa na kilomita 45. Gari limezimika juu ya daraja la Kigongo–Busisi. (Msomaji, Geita)

Pole. Enzi za pantoni ungekuwa kwenye foleni na mtu angekuletea petroli kwenye chupa ya maji. Tangu daraja lifunguliwe Juni 2025 unavuka zile kilomita tatu kwa dakika chache, na ukizima pale unazimia katikati ya ziwa, upepo unakupiga, malori nyuma yako.

Zile kilomita 45 ni makosa mawili yaliyooana: wastani wa dashibodi, ambao tumeshauona, ukizidishwa na boya la ndani ya tenki, ambalo karibu na chini husoma vibaya, hasa gari likiwa limeinama. Kuna magari yanayoficha lita chache za akiba, mengine hayafichi. Isitoshe pampu ya mafuta inakaa ndani ya tenki na hupoozwa na petroli yenyewe. Taa ikiwaka, sheli ya kwanza unayoiona ni yako.

Ni kweli gari hula zaidi Mwanza kwa sababu tuko juu? (Mwanafunzi, Mkolani)

Ziwa lenyewe liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo hewa ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam na injini isiyo na tabo, ile feni ya kusukumia hewa kwenye injini, hupoteza nguvu kidogo. Nguvu, si mafuta. Mafuta yanaliwa na foleni na vilima.

Fundi alinibadilishia tairi kutoka 185/65R15 kwenda 195/65R15. Dashibodi imeshuka. (Msomaji, Nyakato)

Tairi jipya lina mzunguko mkubwa kwa asilimia 2 hivi, kwa hiyo gari linakwenda mbali kuliko linavyojihesabia. Sehemu ya kushuka huko ni hesabu tu. Kama imeshuka zaidi ya hapo, angalia upepo kabla ya kumlaumu fundi.

Nimeuziwa kifaa cha kuchomeka chini ya usukani, kinapunguza mafuta asilimia 30. (Wasomaji wanne)

Kinawasha taa. Tupa.

Kaka, gari gani halili mafuta? (Wengi mno)

Lililopaki.

Vitz yangu inaonyesha 14.9 kila siku, niende Shinyanga au nikwame Mabatini. Ni mbovu? (Msomaji, Igogo)

Si mbovu, haijarudishwa sifuri tangu ishuke meli, pengine tangu Japani. Wastani wa makumi elfu ya kilomita hautingishwi na foleni yako ya leo. Shikilia kitufe cha trip namba hiyo ikiwa kwenye kioo, mpaka igeuke vistari. Magari mengine hujirudisha yenyewe ukijaza mafuta, la kwako halimo. Na itakayotokea baada ya hapo usinipigie picha. Nitumie lita na kilomita.