Je, Jelly Roll Morton ndiye aliyebuni jazi?

SWALI: Ndugu Mhariri, nimesoma kwamba mpiga piano Jelly Roll Morton alidai kuwa alibuni muziki wa jazi mwaka 1902. Je, dai hilo ni la kweli? – Msomaji, Tanga

JIBU: Ndugu msomaji, jazi haikubuniwa na mtu mmoja, bali ilikua mikononi mwa wanamuziki wengi wa New Orleans, mji aliozaliwa Morton, ambaye mwaka huo alioutaja alikuwa bado kijana mdogo sana. Hata hivyo, tusimpuuze kwa sababu ya majigambo yake. Utungo wake “Jelly Roll Blues”, uliochapishwa mwaka 1915, ni miongoni mwa tungo za mwanzo kabisa za jazi kutolewa kwa maandishi ya noti. Ushahidi mkubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni santuri alizoanza kurekodi Chicago mwaka 1926 pamoja na bendi yake ya Red Hot Peppers, ambamo klarineti, tarumbeta na tromboni hupokezana kwa mpangilio uliofikiriwa vyema, na bado mpigaji anaachiwa nafasi ya kubuni papo hapo. Mwaka 1938 Alan Lomax, mtafiti wa muziki wa jadi, alimrekodi katika Maktaba ya Bunge la Marekani akisimulia maisha yake huku akipiga piano, hazina tunayopaswa kuishukuru. Inasikitisha kwamba utungo wake “King Porter Stomp” uliipatia sifa bendi ya Benny Goodman mwaka 1935, ilhali mtunzi mwenyewe alikuwa amekwisha kusahauliwa na wengi. Alifariki Los Angeles mwaka 1941.