Muulize Fundi: Injini tunayo, gari tuanzie wapi?

SWALI: Fundi, shikamoo. Sisi ni wanafunzi wa uhandisi mitambo, Dar es Salaam. Tunataka kuunda gari letu la kwanza la Formula Student, yaani mashindano ya wanafunzi wanaojiundia gari dogo la mbio, na siku moja tufike Silverstone, uwanja wa mbio wa Uingereza yanakofanyika. Tumeshapata injini ya pikipiki ya cc 600, silinda nne. Wenzangu wanataka tuchomelee fremu kuizunguka injini hiyo. Mimi nasita. Je, nina haki?

JIBU: Marahaba. Unayo, na uwazuie wenzako kabla hawajawasha mashine ya kuchomelea.

Injini yenu inaruhusiwa, kwani kikomo ni cc 710. Ila msiitukuze. Kanuni inataka hewa yote ipite kwenye tundu moja la duara lenye kipenyo cha mm 20 kwa petroli, baada ya throto bodi (mlango wa hewa unaofunguliwa na pedali ya mafuta) na kabla ya injini. Hewa ikifikia kasi ya sauti kwenye tundu hilo, hata dereva akanyage mpaka chini haiongezeki tena. Ndiyo maana timu kadhaa hutumia silinda moja, nyepesi, na hazijutii. Nyinyi bakini na mliyonayo. Ila mkishafunga kila kitu, zibeni mdomo wa kuingizia hewa kwa kibao wakati injini inanguruma polepole. Isipozima, kuna mahali inaiba hewa, na hilo ni kosa la kanuni.

Sasa mwanzo wenyewe: dereva. Kateni mtu wa plaiwudi wa kupimia nafasi ya dereva, mwenye maduara matatu, kwa kipenyo: la nyonga mm 200, la mabega mm 200, la kichwa chenye helmeti mm 300. Mketisheni. Kutoka katikati ya duara la nyonga hadi kwenye pedali pasipungue mm 915. Hapo ndipo mchore pinde mbili za bomba zinazomkinga dereva gari likipinduka, upinde mkuu nyuma yake na upinde wa mbele juu ya miguu yake, kwa namna kwamba kichwa kibaki angalau mm 50 chini ya mstari unaounganisha ncha za pinde hizo. Najua mmeshamteua mwenzenu mfupi, mwepesi, awe dereva. Haisaidii, maana wakaguzi wanakuja na mtu wao wa kupimia, naye ni mrefu. Huyo akienea, injini itapata nafasi nyuma yake. Umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma usipungue mm 1525. Njia ya mashindano ina kona nyingi zilizopangwa kwa koni za barabarani, msirefushe gari bila sababu.

Kwenye mabomba ndiko fedha zinakopotelea. Pinde zinahitaji bomba la chuma lenye kipenyo cha mm 25 na ukuta wa mm 2.5, au kipenyo cha inchi moja na ukuta wa mm 2.4. Bomba la inchi moja la kutengenezea mageti mara nyingi ni jembamba mno. Nendeni dukani na venia (kipimo cha unene) mkononi, mpime ukuta kabla ya kulipa. Neno la muuzaji liacheni dukani. Wakaguzi hutaka tundu la mm 4.5 kwenye pinde ili waupime wenyewe, kwa hiyo rangi nene haitawafichia kitu.

Michoro na hesabu za fremu hutumwa kwa waandaaji kabla ya mashindano. Msichomelee kiungo hata kimoja mpaka wazikubali, na mpakue kanuni za mwaka mtakaoshindana, kwani namba hizi hurekebishwa.