Barua kwa Mwanangu: Kila Kitabu na Mwendo Wake

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka Temeke. Hatujambo, mvua ndiyo imeshika. Swali lako nimeona nilijibu kwa barua, maana kwa simu lisingetosha. Unasema umeanza vitabu vinne, riwaya, diwani ya mashairi, historia ya pwani na kile cha uchumi, na vyote vimekukwamia katikati. Sasa unauliza kama uchague aina moja ubaki nayo, nyingine uachane nazo.

Usiachane nazo. Wingi wa aina siyo unaokukwamisha. Vyote unavisoma kwa mwendo mmoja: kurasa kumi usiku, umejilaza, tangu ukurasa wa kwanza kwenda mbele. Mwendo huo unaifaa riwaya iliyokwisha kukolea, basi. Vitabu vingine vinadai mwendo mwingine.

Riwaya ndiyo rahisi kuinusuru. Kurasa 40 za mwanzo zimalize kikao kimoja, hata kikichukua saa moja na nusu. Hapo ndipo mwandishi anapoingiza watu wake, mahali pao na ugomvi wao. Ukizigawa kwa siku nne, kila siku utakuwa unajiuliza huyu ni nani tena. Majina yaandike kwenye kikaratasi hichohicho unachoweka kama alama: nani mtoto wa nani, nani anamdai nani. Baada ya hapo kurasa 20 kwa siku zinatosha, na kitabu cha kurasa 300 kitakuishia kwa siku 13 nyingine. Ya upelelezi iende haraka zaidi, siku mbili au tatu, kwa sababu dalili hufichwa kwenye jambo dogo, saa iliyosimama au mlango ulioachwa wazi. Ukiilaza wiki nzima umeshalisahau, na mwisho utaona mwandishi amekuonea. Ukifika ukurasa wa 60 na hakuna hata mtu mmoja unayetaka kujua litakalompata, ifunge bila kujilaumu.

Diwani hiyo, nakusihi, usiisome kwa kurasa. Shairi moja kwa usiku, kwa sauti, hata kama nyumbani watakushangaa. Mengi utakayokutana nayo ni ya tarbia: ubeti wa mishororo minne, kila mshororo mizani 16, yaani silabi, nane upande wa ukwapi, nusu ya kwanza, na nane upande wa utao, nusu ya pili, na vina viwili, cha kati na cha mwisho. Hesabu kwa vidole. “Mtu” ni mizani mbili, m na tu. “Mwana” pia ni mbili, mwa na na, kwa kuwa m hapo imeungana na w. Ukipata 15, mara nyingi umemeza m inayosimama peke yake. Ukipata 17, huenda umelirefusha neno ambalo mshairi alilifupisha makusudi ili vipimo vikae. Sikio likishazoea, hutahesabu tena, na ndipo maana itakapoanza kukujia.

Mara ya pili soma huku umefungua sherehe, yale maelezo ya maneno magumu ambayo aghalabu huwekwa nyuma ya kitabu. Washairi wa pwani huchota Kiamu cha Lamu, Kimvita cha Mombasa na Kiarabu, na neno moja usilolijua linaweza kupindua ubeti mzima. Kama shairi lina kibwagizo, tazama namna mshororo uleule unavyobadilika uzito kila unaporudi; utamu mwingi umejificha pale. Utenzi ni habari nyingine. Vipande vyake ni vifupi, kwa kawaida mizani nane, vinne kwa ubeti, na kina cha kipande cha mwisho hurudi toka ubeti wa kwanza hadi wa mwisho. Kwa kuwa aghalabu unasimulia kisa, unataka mbio: beti 50 kwa pumzi moja si nyingi.

Tamthilia hukuitaja, nami sitaki uiruke. Isome yote siku moja, Jumapili mchana, mkiwa wawili au watatu mmegawana wahusika, na maelekezo ya jukwaani yasomwe pia, kwani ndiyo yanayokwambia nani yupo anasikia. Mwalimu Nyerere alitafsiri tamthilia ya Shakespeare kuhusu Julius Caesar, ikatoka 1963. Hakuridhika nayo, akaisahihisha, na toleo jipya likatoka 1969. Ukizipata zote mbili, ziweke sambamba usome hotuba za kwenye mazishi. Utajifunza mengi kuhusu Kiswahili kwa kuona alichokibadilisha tu.

Historia haianzi ukurasa wa kwanza. Anza na yaliyomo, kisha dibaji, kisha sura ya mwisho, kisha pitia faharasa uone ni majina gani yanarudi mara nyingi. Nusu saa hiyo inakupa hoja ya mwandishi, na ukirudi mwanzo unasoma ukiwa unampima. Weka ramani mezani. Halafu kila anapotaja shahidi, uliza: aliona mwenyewe? Aliandika lini? Msafiri Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, lakini simulizi ya safari zake iliandikwa Moroko, yeye anasimulia na Ibn Juzayy anaandika, ikakamilika 1355. Kati ya kuona na kuandikwa kuna zaidi ya miaka ishirini. Hilo halimfanyi mwongo. Linakufanya umsome kwa uangalifu anapotaja mambo madogomadogo. Periplo ya Bahari ya Eritrea, mwongozo wa mabaharia wa Kigiriki wa karne ya kwanza, unaitaja bandari ya Rhapta kwenye pwani yetu, na wataalamu hadi leo hawajakubaliana ilikuwa wapi. Kitabu kikikuambia ilikuwa mahali fulani bila kutaja ubishi huo, kipunguzie imani.

Cha uchumi kinataka meza, penseli na daftari. Kurasa tano kwa saa ni mwendo mzuri. Kila mfano wenye hesabu ukokotoe mwenyewe kabla ya kuangalia jibu, na sura ikiisha, funga kitabu uandike kwa sentensi tatu ulichokielewa. Ukishindwa kuandika, hukuelewa, rudi kwenye mfano. Ukigonga mwamba mara mbili, tafuta kitabu chepesi cha mada hiyohiyo, hata cha kidato cha tatu.

Sasa namna ya kuvipanga. Vitatu tu kwa wakati mmoja, kila kimoja na mahali pake. Kwenye basi la mwendokasi kutoka Kimara, ambako aghalabu unasimama mkono mmoja umeshika bomba, beba riwaya nyembamba unayoweza kuifungua kwa mkono mmoja. Mezani, historia au uchumi, kimoja kati ya hivyo. Kitandani, diwani. Cha nne kisubiri rafuni.

Kabla ya kununua, pita Maktaba Kuu ya Taifa, Barabara ya Bibi Titi Mohamed. Ipo tangu 1967, na utakaa na kitabu saa mbili kabla hujakinunua. Vya mtumba vya kando ya barabara pale mjini ni vizuri, ila kagua namba za kurasa. Vitabu vingi hufungwa kwa mafungu ya kurasa 16 au 32, na fungu zima huweza kukosekana au kujirudia. Usitosheke kuangalia mwanzo na mwisho. Maandishi yaliyopinda na pambizo zisizolingana ni dalili ya kitabu kilichorudufiwa kwa wizi. Hicho kiache, mwandishi hakupata chochote.

Na msimu huu wa masika visogeze mbali na ukuta wa nje, hata sentimita tano, hewa ipite. Usivifunge kwenye mfuko wa plastiki, unyevu utabaki ndani na ukungu utakula jalada. Vikishaota, vifute kwa kitambaa kikavu nje ya nyumba, kivulini.

Cha uchumi ndicho ningekiweka rafuni kwa sasa, mpaka umalize historia. Diwani uianze upya usiku huu, na niambie ni shairi gani limekukwamia. Tutalihesabu pamoja kwenye simu. Msalimie mkwe na watoto.

Mama yako