Jibu: Herufi za kibao cha duka la sharubati, Usita wa Mui (njia kuu ya mji wa Lamu)

Ndugu yangu, umeuliza kama zile herufi nene za kizamani, zenye vijimkia na madaha, zitafaa kibao cha duka lako "Ng'ambo" na pia karatasi ya bei. Kibao, naam. Bei, hapana.

Mimi ningeanza na fonti iitwayo Cooper Black. Mchora herufi Oswald Cooper aliichora mjini Chicago, Marekani, ikatoka mwaka 1922, na ncha zake zote ni za mviringo. Hilo humsaidia fundi wa rangi: brashi ikiteleza kidogo kwenye ubao, jicho halishtuki. Lakini matundu ya ndani ya a na e ni madogo mno, na Kiswahili kimejaa a! Ukiipunguza iingie kwenye karatasi ya bei, yanazibika na neno linakuwa doa. Bei ziandike kwa fonti nyepesi ya kawaida.

Jina usiliandike lote kwa herufi kubwa. Madaha yake yamo kwenye herufi ndogo. Na ile ritifaa ya Ng'ambo iwe imejipinda kama koma, si kijiti kilichosimama. Isogeze karibu na g, la sivyo jina litasomeka kama maneno mawili.

Usita wenyewe ni mwembamba, watu hupita karibu kugusa ukuta. Kibao kilichobanwa ukutani hawatakiona. Kitokeze nje kama bendera, juu kuliko mzigo wa punda, ukiandike pande zote mbili. Mlango ukiwa wa nakshi, kibaoni usiongeze maua hata moja.