Giza halimo kwenye damu

Mhariri, wiki hii mmeuliza: riwaya gani ya giza, yenye miungu na majitu ya Ulaya ya kaskazini, inamfaa anayeanza, na aisomeje isimshinde? Mimi nasema The Broken Sword ya Poul Anderson, mwandishi Mmarekani. Kwa Kifaransa ni L'Épée brisée, na wengi wetu hapa Goma wataisoma kwa wepesi zaidi katika lugha hiyo.

Kabla ya kuanza, fungua kurasa za mbele uone una toleo gani. Riwaya ilitoka mwaka 1954. Mwaka 1971 mwandishi akairekebisha na kuipunguza makali. La kwanza lina maneno mazito, lakini ndilo lenye ukali wake wote. Chagua hilo.

Kinachowashinda wengi ni ukoo. Chukua karatasi, uigawe pande mbili. Upande mmoja andika Orm, Mdenmark aliyejitwalia ardhi Uingereza kwa kuua wenyewe, na watoto wake. Upande wa pili andika Imric, mkubwa wa majini wanaoitwa elfu (kwa Kiingereza elves, si elfu ya hesabu). Sasa chora mshale: mlozi mmoja, ambaye jamaa zake waliuawa na Orm, anamjulisha Imric kwamba Orm ana mtoto mchanga asiyebatizwa bado. Imric anamwiba, kwa sababu elfu hawawezi kugusa chuma wala kustahimili jua, na binadamu anaweza vyote viwili. Huyo ndiye Skafloc. Kitandani, badala yake, anaachwa Valgard, mtoto wa Imric mwenyewe aliyezaliwa na mateka wa kike wa kabila la matroli, viumbe wa kutisha walio maadui wa elfu. Asiyechora mshale huo, Skafloc atakapompenda Freda binti Orm, atadhani anasoma mapenzi ya kawaida. Mwandishi hakuificha siri hiyo: sisi tunajua tangu mwanzo kwamba ni ndugu, wao hawajui. Uzito wote umo hapo.

Watu husifu vita vya kitabu hiki. Mimi vita vingine naviruka bila majuto. Giza lenyewe limo kwenye mapatano. Miungu inatoa upanga uliovunjika kama zawadi Skafloc anapopewa jina. Baadaye jitu linauunga, na kuanzia hapo kila ukichomolewa lazima uue, na mwisho humgeukia anayeushika. Tazama pia Freda anapokutana na mzee mgeni anayemwomba, kwa kubadilishana na msaada, kile kilichomo nyuma ya mshipi wake. Freda anakubali upesi. Kwake ni jambo dogo. Hajajua kwamba ana mimba. Hakuna panga katika ukurasa huo, na ndio unaotisha kuliko yote. Soma kila ahadi mara mbili: nani anaomba, anaomba kwa maneno gani, na nini hakikutajwa.

Ukitaka kujua tabia hiyo ya miungu imetoka wapi, soma kwanza Edda, kitabu cha hadithi za miungu hiyo, ya Snorri Sturluson, Mwaislandi wa karne ya 13. Sehemu iitwayo Gylfaginning inatosha. Humo mbwa mwitu Fenrir anafungwa kwa utepe laini uliotengenezwa kwa vitu 6, kati yake kishindo cha nyayo za paka na pumzi ya samaki. Fenrir anakubali kujaribiwa kwa sharti mungu mmoja aweke mkono kinywani mwake kama rehani. Týr anauweka, miungu inavunja neno lake, mkono unaliwa. Humo pia Loki, mlaghai kati ya miungu, aliyefungwa mwambani hujinyonganyonga sumu ya nyoka inapomdondokea, na ardhi hutetemeka; waliokuwa hapa Mei 2021, volkano ya Nyiragongo ilipolipuka, sehemu hiyo hawataihitajia maelezo.

Mashairi yaliyomo riwayani usiyapite. Usitafute vina vya mwisho kama vya utenzi wetu. Katika ushairi wa kaskazini mstari hukatwa vipande viwili, na vipande hufungwa kwa sauti inayoanza maneno yenye mkazo. Yasome kwa sauti, pumzika katikati. Tafsiri mara nyingi hupoteza sauti hizo, kwa hiyo mwenye Kiingereza kidogo aweke nakala zote mbili kando.

Kasoro ipo: wanawake wa Orm wameandikwa ili wateswe, na namna Imric anavyompata Valgard ni ukatili mtupu. Aliye chini ya miaka 16 asipewe.